Siku Nne za Ruhusa: Safari Yetu ya Kwenda Boma la Dufile

Sebuleni mwetu hapa Arua ilitundikwa kalenda yenye picha ya mji mmoja wa Ulaya kwa kila mwezi. Picha ya Desemba ilikuwa ya mji wa Prague wakati wa baridi kali. Palionekana mto, daraja la mawe lililoanza kujengwa mwaka 1357, kasri kubwa juu ya kilima, na theluji imelala juu ya mapaa yote. Binti yetu wa pili, mwenye umri wa miaka tisa, aliitazama picha hiyo kila tulipokaa kula. Jioni moja akauliza: "Mama, sisi tutakwenda lini kutazama mji wa kale?"

Wazazi wenzangu mnayajua maswali ya namna hiyo. Baba yake, ambaye ni sajini wa polisi huko Koboko na siku hiyo alikuwa amekuja nyumbani, alicheka, kisha akanyamaza. Nauli ya ndege ya mtu mmoja tu ni mshahara wa miezi mingi, nasi ni watu watano pamoja na mzee wetu. Fauka ya hayo, ingehitajiwa mizigo ya makoti na viatu vya baridi ambavyo tukirudi Arua havina kazi. Na huko Prague, mwezi wa Desemba, jua huzama kwenye saa kumi za alasiri, hata mgeni mwenye siku chache hujikuta nusu ya ziara yake imemezwa na giza.

Aliyejibu ni baba mkwe wangu. Yeye ni askari mstaafu, na alikuwa kwetu wiki ile kwa ajili ya kutibiwa macho. Daktari alikuwa amemwambia kwamba jicho moja limekwisha na la pili linafifia. Alisema kwa sauti ya chini: "Mji wa kale uko hapa hapa, mjukuu wangu. Mwaka 1980 nilipita kando ya boma la Dufile usiku, tukikimbilia Sudan. Bibi yako alikuwa amembeba baba yako mgongoni. Sikuliona boma. Ningependa kuliona kabla jicho hili halijamfuata mwenziwe."

Tangu jioni ile safari ikawa si ya kalenda tena. Naieleza hapa, pamoja na makosa yetu, ili wasomaji wenye ruhusa fupi na mfuko mwembamba wapate la kujifunza kabla ya ukame ujao.

Kuchagua mahali pamoja

Mimi na mume wangu tulikaa na karatasi tukaandika: siku ya kwanza Rhino Camp, ambako Theodore Roosevelt, aliyekuwa Rais wa Marekani, aliwinda vifaru weupe mwaka 1910, siku ya pili Wadelai, makao makuu ya zamani ya Emin Pasha, siku ya tatu Dufile, siku ya nne kurudi. Tuliona fahari juu ya mpango huo. Mzee akasomewa, akatikisa kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "hiyo si matembezi, hiyo ni doria. Mtaona vumbi la barabara na viti vya gari."

Alisema kweli. Wadelai iko kusini, upande wa Pakwach, na Dufile iko kaskazini mashariki, upande wa Moyo. Anayetaka kuviona vyote viwili kwa siku nne hulala njiani na kuamka njiani. Basi tulichagua Dufile peke yake, tukazigawa siku hivi: siku ya kwanza mimi na watoto kutoka Arua hadi Koboko, kadiri ya kilomita 55 za lami, na kulala kwa mzee, siku ya pili Koboko hadi Moyo kupitia Yumbe, zaidi ya kilomita 100, siku ya tatu nzima kwa ajili ya boma, siku ya nne kurudi nyumbani.

Kwa nini siku nzima kwa mahali pamoja? Kwa sababu mahali pa kale hapana haraka. Ukifika mchana wa jua kali, umechoka, watoto wanalia njaa, na dereva anatazama saa yake, utaona majani tu.

Kuchagua wakati

Katika West Nile mvua hukatika mwezi wa Desemba na ukame huendelea hadi Machi. Wenzetu wa Ulaya wakati huo wako katika baridi na miti iliyopukutika. Sisi tuko katika vumbi, na majani yamekauka au yamekwisha kuungua. Kwa mtu anayetaka kuona boma la udongo, huo ndio wakati wake. Wakati wa mvua nyasi hupanda hata kumzidi mtu mzima, na tuta na handaki hufichika kabisa. Na kwetu, karibu na mstari wa ikweta, mchana una saa zake kumi na mbili mwaka mzima, wala hakuna jua la kuzama saa kumi.

Lakini familia ya polisi haina Desemba. Sikukuu za wengine ndizo kazi za polisi, nao askari wa jeshi wanalijua hilo vilevile. Kwa hiyo mume wangu aliomba ruhusa ya siku nne katikati ya Januari, pilikapilika za mwaka mpya zilipokwisha, na kabla ya shule kufunguliwa. Ombi aliliandika mapema, mwezi wa Novemba. Nami niliomba kazini kwangu siku zile zile. Ndugu zangu watumishi wa serikali, ruhusa isiyoombwa mapema ni ndoto.

Kujua kabla ya kwenda

Jambo la tatu lilifanywa nyumbani, nalo halikugharimu senti. Kila jioni kwa wiki mbili nilisoma na watoto habari za mahali tulipokusudia kwenda, kwani mwalimu haachi ualimu hata akihamishiwa ofisini.

Tulijifunza kwamba Mto Nile, ukitoka Ziwa Albert, hupitika kwa vyombo hadi karibu na Nimule. Mbele ya hapo maporomoko huzuia kila chombo. Kwa sababu hiyo, Kanali Charles Gordon, aliyekuwa akiitumikia serikali ya Misri, alichagua mwaka 1874 mahali hapo pa juu ya maporomoko ili merikebu za moshi zilizobebwa vipande vipande kwa nchi kavu ziungwe upya. Mwaka 1876 Mwitalia Romolo Gessi aliondoka Dufile kwa mashua za chuma akalizunguka Ziwa Albert.

Kisha akaja Emin Pasha. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Eduard Schnitzer, daktari aliyezaliwa mwaka 1840 katika jimbo la Silesia, si mbali sana na mji ule wa Prague wa kalenda yetu. Binti yangu alifurahi mno kusikia hivyo. Mwaka 1878 alifanywa gavana wa jimbo la Ikweta, na mwaka 1879 boma la Dufile likajengwa. Majeshi ya Mahdi yalipouteka Khartoum mwaka 1885, gavana huyo alikatika na ulimwengu, akahamishia makao yake Wadelai. Huko aliendelea kukusanya ndege, wanyama na vyombo vya wenyeji kwa ajili ya makumbusho ya Ulaya. Vipo vitu vya nchi zetu vilivyopita mikononi mwake ambavyo leo vimehifadhiwa Vienna.

Mwaka 1888 Henry Stanley alifika Ziwa Albert ili kumwokoa. Askari wengi hawakutaka kuondoka. Walikuwa na wake, watoto na mashamba, na hawakuamini kwamba njia ya kusini inaweza kufika Misri. Mwezi wa Agosti mwaka huo waliasi, wakamfunga gavana wao pamoja na Jephson, msaidizi wa Stanley, ndani ya boma la Dufile. Mwezi wa Novemba, Emin akiwa amekwisha kuachiliwa, majeshi ya Mahdi yalilishambulia boma, na askari wale wale walioasi wakalitetea hata adui akarudishwa nyuma. Baadaye wakalihama. Emin aliondoka na Stanley mwezi wa Aprili 1889, akafika Bagamoyo mwezi wa Desemba.

Na askari waliobaki? Hapo ndipo habari inapoingia nyumbani mwa wasomaji wa gazeti hili. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alimkuta kiongozi wao Selim Bey karibu na Ziwa Albert, akawaandika askari kadiri ya 600, walioandamana na maelfu ya wake, watoto na watumishi. Hao wakawa shina la jeshi la Uganda Rifles, na mwaka 1902 la King's African Rifles, jeshi lililosambaza Kiswahili katika kambi za Afrika Mashariki nzima. Wazao wao ni ndugu zetu Wanubi wa Arua, Koboko, Bombo hadi Kibera mjini Nairobi. Babu wa baba yake baba mkwe wangu alikuwa mmoja wa askari hao.

Masurufu na vifaa

Mama wa nyumbani atauliza: mlichukua nini? Tulichukua maji yaliyochemshwa, madumu mawili, kwa kuwa maji ya mtoni hayanyweki hivi hivi, na kuoga humo huleta kichocho, bila kutaja mamba. Tulichukua mihogo ya kuchemsha, karanga za kusaga na samaki wakavu, chakula kisichoharibika kwa joto. Tulichukua vyandarua, kwani mbu wa bonde la Nile hawana adabu. Kila mtu alivaa nguo ya mikono mirefu kwa sababu ya mbung'o waletao malale, na sweta ya shule ya binti yangu ikaachwa nyumbani, kwani rangi ya samawati iliyoiva huwavutia wadudu hao. Tulichukua vitambulisho vya wakubwa wote, kwa maana pale ni karibu na mpaka wa Sudan Kusini. Na mume wangu, ingawa ni polisi, hakwenda kama polisi. Alipita kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji akajitambulisha kama mgeni yeyote, akaomba kijana wa kutuonyesha njia. Kijana yule alilipwa ujira wake tuliopatana.

Gharama kubwa ilikuwa gari la kukodi. Hapo ndipo kosa letu lilipotokea. Tulipatana bei kwa mdomo, na siku ya pili alfajiri mwenye gari akadai nyongeza, akisema barabara ya Moyo si ya lami. Hatukuwa na karatasi ya kumwonyesha, tukalipa, na akiba ya soda za watoto ikaishia hapo. Ndugu msomaji, andikianeni: siku, njia, mafuta ni ya nani, na bei. Hata kwa rafiki.

Mbele kidogo ya Yumbe gurudumu lilipasuka. Tulikaa chini ya mwembe saa mbili. Laiti tungeufuata mpango wetu wa kwanza, saa mbili hizo zingetuharibia safari yote. Kwa mpango wa mzee zilituharibia chai ya jioni tu.

Siku ya boma

Tulilala Moyo katika nyumba ya wageni ya kawaida, tukaondoka kabla ya jua kuchomoza. Barabara hushuka kutoka nyanda za juu za Moyo kuelekea bonde la Nile, na anayeshuka huona mto kwa mbali kama mkanda uliotandazwa. Joto huongezeka kadiri unavyoshuka. Mahali gari liliposhindwa tulitembea kwa miguu, kijana mbele, mzee katikati ameshika bega la mwanawe.

Tulipofika, binti yangu alitazama huku na huku. Mbele yetu palikuwa na tuta la udongo lenye majani makavu, bonde jembamba kando yake, miti michache, na mto mpana wenye magugu yanayoelea. Hapakuwa na mnara wala ukuta wa mawe. Aliniuliza kwa sauti ya mtu aliyedanganywa: "Mama, mji uko wapi?"

Sikujua la kumjibu. Mzee ndiye aliyejibu. Alimwita, akamtaka ashuke ndani ya handaki na asimame wima. Kisha yeye mwenyewe, kwa fimbo yake, akapanda juu ya tuta. "Je, unaniona?" akauliza. "Nakuona, Babu." "Je, ungeweza kupanda nilipo mimi, nami nina bunduki?" Mtoto akajaribu, akateleza, akacheka. "Basi," akasema mzee, "huo ndio ukuta. Waliochimba hapa hawakuwa na mawe, walikuwa na majembe. Pande tatu ni handaki na tuta. Upande wa nne ni mto wenyewe."

Tangu hapo watoto hawakuhitaji mwalimu. Walilifuata tuta hatua kwa hatua, wakapima kwa miguu, wakabishana juu ya mahali lango lilipokuwa. Kijana wetu alitueleza kwamba wachimbuzi wa mambo ya kale walifanya kazi hapo katika miaka ya 2000. Mume wangu aliwasimulia watoto kwamba hata baada ya Emin, Wabelgiji wa Mfalme Leopold walikaa hapo kuanzia 1902 hadi 1907, zamani nchi hii ilipoitwa Lado, kabla West Nile haijaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Mimi nilikaa kivulini nikigawa mihogo, nikafikiri juu ya wanawake waliowahi kupika ndani ya duara lile la udongo mwezi ule wa Novemba 1888, watoto wamewashika nguo, risasi zikilia ng'ambo ya handaki. Vitabu huwataja magavana. Lakini aliyewahi kukaa katika nyumba za kambini anajua kwamba boma lolote hubebwa na watu wa jikoni vilevile.

Alasiri, jua lilipopoa, mzee aliomba jambo moja. Alitaka aonyeshwe njia inayopita kando ya boma kuelekea mpakani. Kijana akamwonyesha njia nyembamba ya miguu. Haikujulikana kama ndiyo ile ile ya mwaka 1980. Miaka zaidi ya arobaini hubadilisha njia. Mzee hakujali. Alimwambia mwanawe: "Ulikuwa huna hata mwaka mmoja. Mama yako alikuziba kinywa kwa kanga ili usilie, maana tulisikia watu. Niliogopa utakosa pumzi. Sikutazama kulia wala kushoto. Leo nenda mbele yangu, polepole, nami nitazame."

Basi walikwenda, sajini wa polisi mbele na mzee nyuma, hatua kama mia mbili, wakarudi. Mzee hakusema neno. Alipofika penye tuta aliinama akachukua konzi ya udongo, akauleta karibu na jicho lake linaloona, akautazama kwa muda mrefu, kisha akaumwaga palepale alipoutoa. Mwanangu mdogo akataka kuchukua jiwe la ukumbusho. Babu yake akamkataza. "Kila mgeni akichukua jiwe moja," alisema, "wajukuu wako watakuja kutazama shimo."

Nasaha kwa wasomaji

Siwaambii watu wasiende Prague. Atakayejaliwa na aende, na achukue koti zito. Ninachosema ni kwamba kanuni za safari fupi ni zile zile, iwe Ulaya au Dufile: chagua mahali pamoja, chagua majira yanayokufaa, jifunze kabla ya kuondoka, andikiana na mwenye gari, na acha nafasi ya gurudumu kupasuka.

Na kanuni moja zaidi sikuipata popote ila kwa baba mkwe wangu. Katika nyumba nyingi za askari yupo mzee ambaye alipita mahali fulani usiku, akiwa na hofu, na hajapata kupaona mchana. Muulize ni wapi. Kuuliza si ujinga. Ikiwa mahali penyewe pako ndani ya uwezo wako, usingojee mwaka wa neema. Macho ya wazee hayangojei.

Mzee sasa haoni tena kwa jicho la pili isipokuwa mwanga na kivuli. Jioni, akikaa barazani kwake Koboko, watoto humuomba awasimulie Dufile, naye huanza kila mara kwa kumwuliza binti yangu: "Tuta lilikuwa na urefu wa hatua ngapi?" Naye hujibu bila kukosea, kwani alizihesabu mwenyewe.

Kalenda ile mwaka wake umekwisha, lakini picha ya Prague hatukuitupa. Binti yangu ameibandika juu ya meza yake, na kando yake amechora kwa penseli mto, tuta, handaki, na mzee mwenye fimbo amesimama juu.